Ramani Inayochapishwa Baada ya Uamuzi

Nilipoitwa, kikao kilikuwa kimeshafika kwenye soda na korosho. Mhandisi akanipa flashi huku akijifuta mikono kwa tishu. "Mpangamiji, hebu tutolee ramani ya hii barabara. Kubwa, A0, rangi ziwe nzuri. Mgeni rasmi anakuja Ijumaa." Barabara yenyewe ilikuwa ya kilomita mbili na ushee, ya lami, inaunganisha mitaa miwili iliyoililia kwa miaka mingi. Usanifu umekwisha, bajeti imepita, mkandarasi amepatikana. Ilibaki picha ya kubandika ukutani.

Jioni ile nikafungua faili lake, na kabla ya kulituma kwenye plota, ile printa ya ramani kubwa, nikaweka juu yake leya, yaani tabaka la ramani, ya mitaro tuliyoipima masika na wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo. Mstari wa barabara ulikatiza njia ya maji mara tatu. Mchoro wa mhandisi ulikuwa na kalavati moja. Nikampigia simu. Hakunikatisha, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Sawa, hilo tutaliona huko huko saiti." Ramani nikaichapisha. Ilipendeza. Ikabandikwa ukumbini na watu wakapiga picha mbele yake.

Halmashauri hiyo siitaji, kwa kuwa mambo hayo hayo nimeyakuta kwingine, tena kwa watu wazuri wanaofanya kazi mpaka usiku. Naandika kwa ajili ya vijana wanaoniuliza kila mara wasome kozi gani ya mifumo ya taarifa za kijiografia, ile tunayoiita GIS kazini, ili wapate ajira kwenye mipango miji, maji, barabara au umeme. Naandika zaidi kwa wakubwa watakaowaajiri. Mtu wa GIS tunamweka mahali pasipo pake. Tunamketisha mwisho wa foleni, kwenye chumba cha plota, wakati kazi aliyosomea iko mwanzoni kabisa, pale swali linapoulizwa na hakuna aliyechora mstari wowote.

Fani yenyewe ilizaliwa hivyo, na ilizaliwa karibu na sisi kuliko wengi wanavyodhani. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, kampuni ya picha za anga ya Ottawa, Kanada, iitwayo Spartan Air Services, ilikuwa na kazi ya kutafuta sehemu za kupanda misitu ya kuvuna nchini Kenya. Roger Tomlinson, aliyekuwa akifanya kazi hapo, alitakiwa kulinganisha ramani za aina nyingi, mteremko, udongo, hali ya hewa, njia za kufikia, ili ajue eneo lipi linakidhi vyote kwa pamoja. Kwa mikono na karatasi zinazopenyeza mwanga, gharama ilikuwa haibebeki. Akaanza kuwaza kama kompyuta ingeweza kulaza ramani moja juu ya nyingine na kujibu. Serikali ya Kanada, iliyokuwa inataka kujua ardhi yake inafaa kwa nini, ikampa nafasi ya kujaribu, na mfumo uliotoka huko ndio unaohesabiwa kuwa GIS ya kwanza duniani. Kwa hiyo mbegu ya chombo hiki ni swali kuhusu ardhi ya Kenya: tupande wapi? Hakuna aliyekuwa ameshapanda na anatafuta bango la kumpokelea mgeni.

Sasa twende Jangwani, Dar es Salaam, kwa kuwa hapo kila mtu ameona kwa macho yake. Mto Msimbazi unatoka kwenye vilima vya Pugu na Kisarawe, unapita katikati ya jiji na kumwaga maji bahari ya Hindi karibu na daraja la Selander. Desemba 2011 mvua ilinyesha, watu zaidi ya 40 wakafa, na waliokuwa wakikaa mabondeni wakahamishiwa Mabwepande. Bonde lilikuwa limejieleza. Hata hivyo, mabasi yaendayo haraka yalipoanza safari Mei 2016, karakana yao ilikuwa pale pale Jangwani, ndani ya bonde. Msimu baada ya msimu tumeona mabasi yamesimama kwenye maji ya kahawia, huduma imekatwa, na abiria wa Kimara wanatembea kwa miguu. Leo mradi wa bonde la Msimbazi una kazi ya kuihamisha karakana hiyo na kujenga daraja jipya la juu zaidi. Tunalipa mara ya pili kwa uamuzi mmoja.

Sisemi kwamba mtu mmoja wa GIS angeizuia karakana ile. Maamuzi ya ukubwa ule yana ardhi, fedha, muda wa mkopo na mambo mengine mengi ndani yake. Ninachosema ni kwamba swali "maji yalifika wapi mwaka 2011?" lilikuwa na jibu. Ni swali la mchana mmoja kwa mtu mwenye leya sahihi, na kama jibu lake lingewekwa mezani likiwa na gharama pembeni, lingekuwa zito kuliruka.

Tatizo la jiji lile halikuwa kukosa setilaiti. Vijana wengi huanza na data ya mwinuko wa ardhi iitwayo SRTM, iliyopigwa Februari 2000 kutoka chombo cha anga cha Marekani, kwa sababu ni ya bure na inapatikana kwa dakika kumi. Kila pikseli yake, yaani nukta moja ya picha, ni mraba wa mita 30 kwa 30. Ndani ya mraba huo unaweza kuweka nyumba tatu za uswahilini, choo, kichochoro na mtaro wa mita moja na nusu, na data ikakupa namba moja tu kwa vyote hivyo. Kwa mlima inatosha. Kwa bonde tambarare la mjini, ambako nusu mita ndiyo tofauti ya kulala na kuelea, haitoshi kabisa. Mwanafunzi akiniletea ramani ya mafuriko ya mtaa iliyotengenezwa kwa data hiyo peke yake, ikiwa na rangi nyekundu na njano za kuvutia, huwa namuuliza mtaro uko wapi. Akitafuta na asiuone, somo limeanza.

Ndiyo maana naheshimu sana kilichofanyika Dar es Salaam chini ya mradi wa Ramani Huria. Ulitanguliwa na Tandale mwaka 2011, ambako wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wakazi walichora mtaa wao wenyewe, na ukaanza rasmi mwaka 2015 ukiwa na Benki ya Dunia, Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), Msalaba Mwekundu, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu Ardhi. Mamia ya wanafunzi waliingia vichochoroni. Walipima nyumba, njia na, la muhimu kuliko yote, mitaro: upana wake, kina chake, imeziba au imepasuka, maji yanaelekea wapi. Droni zilipiga picha kutoka juu. Yote yakawekwa kwenye OpenStreetMap, ramani huria ya dunia iliyoko mtandaoni, ambako mtu yeyote anaweza kuyachukua bila kuandika barua ya maombi. Baadhi ya vijana waliopita humo wakaendelea na taasisi yao, OpenMap Development Tanzania, na wanaajiriwa kwa ujuzi huo hadi leo. Zanzibar nako, kuanzia 2016, wanafunzi wa chuo kikuu cha SUZA walijifunza kurusha droni na kutengeneza ramani za visiwa wakishirikiana na Kamisheni ya Ardhi.

Kitu gani hasa walijifunza? Nitasimulia asubuhi moja niliyotembea bondeni na kundi kama hilo, tukirekodi kina cha maji. Mama mmoja muuza maandazi alituitikia shikamoo zetu, akafuta mikono kwenye khanga na kutuingiza mpaka chumbani. Ukutani, juu kidogo ya swichi ya taa, kulikuwa na mstari wa tope lililokauka, kama mtu amepiga rula. "Hili ndilo lile la Desemba," akasema, kiganja kikiwa juu ya mstari. Akakishusha mpaka usawa wa meza. "Hili la mwaka juzi." Binti aliyekuwa na tepu akachuchumaa, akabana ncha kwenye sakafu, akavuta juu. Alikuwa anaanza kusoma namba mama yule alipomzuia. "Mwanangu, usianzie hapo. Sakafu hii nimeinyanyua mara mbili." Akatutoa nje, akasogeza ndoo, akatuonyesha kizingiti cha zamani kilichofukiwa nusu kwenye mchanga. "Anzia hapa."

Kama tungeandika namba ya kwanza, kompyuta ingeipokea bila kelele. Ingeingia kwenye hifadhidata, ingechorwa, ingetumika kusanifu mtaro, na ingekuwa na kosa la unene wa sakafu mbili. Hakuna programu ya kulikamata kosa hilo. Lilikamatwa na salamu, na binti aliyekubali kusahihishwa.

Swali la "unaanzia wapi kupima" linarudi kwenye kila meza ya kazi hii, na huko ofisini lina sura nyingine inayogharimu zaidi. Ramani nyingi za zamani za Tanzania, Kenya na Uganda, zile za skeli ya 1:50,000 na michoro mingi ya viwanja, zimechorwa kwa mfumo wa marejeo, yaani msingi wa kuhesabia mahali ardhini, uitwao Arc 1960. Kifaa cha jipiesi na simu yako vinatumia mwingine, WGS 84. Dar es Salaam yote iko kanda ya ramani ya 37 Kusini kwenye mifumo yote miwili, namba zina tarakimu sawa, zinafanana kama mapacha. Lakini sehemu moja ardhini inaposomwa kwa mifumo hiyo miwili hutofautiana karibu mita 300 kwa mwelekeo wa kaskazini na kusini. Mita 300 ni mtaa mwingine kabisa.

Nilikutana na jambo hilo kwenye mji mmoja wa mkoani. Mabomba yalikuwa yamepimwa kwa jipiesi, viwanja vimechukuliwa kutoka michoro ya zamani, na mtu aliyeziunganisha leya hizo hakuuliza. Kwenye skrini, bomba kuu lilipita katikati ya madarasa ya shule ya msingi. Wakubwa walishaanza kuandika kwamba shule imejengwa juu ya miundombinu na lazima hatua zichukuliwe. Mwalimu mkuu, mzee wa watu, alikuwa ameshaitwa mara mbili kujieleza. Tulipobadilisha mfumo wa marejeo, ambayo ni kazi ya kubofya mara nne, bomba likahamia pembeni ya barabara, mahali lilipokuwa siku zote. Nimelisimulia hili kwenye mihadhara mingi na kila mara naona mtu mmoja au wawili wanainamisha vichwa, maana nao wana bomba lao mahali.

Kwa hiyo ukiniuliza tofauti ya fundi wa programu na mtaalamu, nitakujibu kwamba mtaalamu huuliza data imetoka wapi, imepimwa lini, na imeanzia kizingiti gani. Hilo halifundishwi kwenye kozi ya wiki mbili yenye cheti cha rangi ya dhahabu. Vyeti hivyo vimekuwa vingi. Vinafundisha programu fulani, menyu yake, vitufe vyake, na kijana anatoka akiamini amepata fani. Mwaka unaofuata menyu imebadilika.

Kuna jambo lingine linalotakiwa kuwatisha kidogo wanaotegemea kuchora tu. Kwa miaka mingi ajira ya kwanza ya kijana wa GIS ilikuwa kukaa mbele ya picha ya setilaiti na kufuatisha paa za nyumba, moja baada ya nyingine, kutwa. Mwaka 2021 Google ilitoa data ya Open Buildings, majengo zaidi ya milioni 500 ya bara la Afrika yaliyochorwa na mashine. Ni data yenye makosa, hasa nyumba zinapobanana, lakini imepatikana bila mtu kufuatisha paa hata moja. Mashine hiyo haijui paa lipi ni zahanati, lipi ni banda la kuku, wala lipi ni nyumba ya mama aliyenyanyua sakafu mara mbili. Hapo ndipo kazi ilipohamia, na mafunzo yetu mengi bado yamebaki kwenye paa.

Mfano wa kazi hiyo niliupata kwenye maji, na naupenda kuliko mwingine wowote. Mamlaka moja ya mji wa kati ilikuwa na fundi bomba, mzee wa makamo, aliyezijua valvu zote kwa kichwa. Hii iko chini ya mwarobaini, ile imefunikwa na lami mbele ya duka la dawa, ile nyingine usiiguse inavunjika. Bomba likipasuka usiku anaamshwa yeye. Alikuwa amebakiza miezi minne astaafu. Hakukuwa na ramani ya kumrithi. Kulikuwa na karatasi moja ya miaka mingi, imekunjwa mpaka imetoboka kwenye mikunjo, na nusu ya valvu zilizochorwa humo zilishang'olewa.

Tulitembea naye wiki tatu. Anatangulia na sululu na kijiti cha chuma, anachoma ardhi, anasikiliza, anasema "chimba hapa". Kijana nyuma yake anachukua nukta kwa jipiesi, anapiga picha chemba, anaandika kipenyo, aina ya bomba, hali ya valvu, inafunga kwa kugeuza upande upi. Tuliporudi ofisini ndipo GIS yenyewe ilipoanza. Bomba likichorwa kama mstari wa bluu tu, umepata picha. Likichorwa likiwa linajua limeungana na lipi, kwenye kiungo gani, kupitia valvu ipi, umepata mtandao, na mtandao unajibu maswali. Nikifunga valvu hii, dira zipi za wateja zinakosa maji? Hospitali imo? Bomba likipasuka hapa, ni valvu zipi chache za kufunga ili nusu ya mji isikauke? Na lile linalouma mamlaka zote: maji yaliyoingia ukanda huu mwezi huu ni kiasi gani, na jumla ya dira zote za ukanda huo ni kiasi gani? Tofauti ya namba hizo mbili inavuja mahali, au inaibwa, au dira zimechoka. Sasa unajua utafute upande upi wa mji.

Mzee yule aliagwa kwa keki na kiti cha kupumzikia. Kijana aliyekuwa akimfuata na jipiesi ndiye anayepigiwa simu usiku sasa. Aliajiriwa kwa jina la kazi nyingine kabisa, nadhani fundi sanifu, kwa kuwa kwenye muundo wa ofisi hiyo hapakuwa na nafasi yake. Mhandisi ana bodi ya kumsajili, mpangamiji ana bodi, mpima ana baraza. Huyu anayeshika kumbukumbu ya mji mzima chini ya ardhi hujipenyeza kwa mlango wa pembeni, na mradi ukiisha huwa wa kwanza kuambiwa mkataba haujahuishwa.

Mradi ukiisha. Maneno hayo mawili yamemaliza data nyingi nchi hii kuliko virusi vya kompyuta. Mhandisi mshauri anakuja, anapima mji, anatoa ripoti yenye jalada gumu, anaondoka na mafaili. Halmashauri inabaki na ripoti. Miaka mitano baadaye mshauri mwingine anakuja kupima mji ule ule. Mwaka 2022 nchi nzima ilifanya operesheni ya anwani za makazi. Vijana wa kila kata walizunguka na simu, wakaandika nyumba na barabara, vibao vikasimama, taarifa zikaingia kwenye mfumo wa kidijitali wa anwani, NaPA. Ilikuwa kazi kubwa na naipongeza kwa moyo wote. Lakini mji haukusimama kuusubiri mfumo. Sensa ya mwaka ule ule iliikuta Dar es Salaam ina watu milioni 5.38, kutoka milioni 4.36 mwaka 2012. Kila wiki kuna msingi mpya unachimbwa. Nani, kwenye mtaa, ana mshahara wa kuongeza nyumba hiyo kwenye mfumo Jumatatu ijayo? Tukijibu swali hilo tumetengeneza maelfu ya ajira za kudumu, za maana, ambazo hazihitaji mfadhili.

Jiji hili limewahi kuona gharama ya kuacha kumbukumbu izeeke. Mipango kabambe ya zamani ya Dar es Salaam ni ya 1949, 1968 na 1979. Ule wa 1979 ulitungwa kwa jiji ambalo sensa ya mwaka mmoja kabla ililikuta halijafika watu milioni moja, kisha likaishi nao kwa miongo. Watu wakajipangia wenyewe. Simlaumu aliyejenga bondeni. Alijenga mahali ambapo hakuna aliyemwonyesha pengine pa kujenga.

Wahandisi nao wana hoja, na nisipoisema nitakuwa siwatendei haki. Mmoja aliniambia wazi: "Nyie mkija mnaleta rangi. Mimi nina siku kumi na nne za kufunga zabuni. Nikikuuliza kalavati liwe na kipenyo gani, unaniambia eneo lina hatari ya wastani." Ana haki. Kijana wa GIS anayetaka kuketi kwenye meza ya mwanzo lazima aje na jibu linalotumika. Ajue kukokotoa eneo linalokusanya maji kuelekea nukta moja na kulipeleka kwa mhandisi likiwa hekta, siyo likiwa rangi ya machungwa. Ajue lugha ya hifadhidata, angalau kiasi cha kuuliza mwenyewe bila kumsubiri mtu wa tehama. Aisome Sheria ya Mipango Miji ya 2007, ajue mchoro wa mipango miji unapita kwa nani na kwa utaratibu gani, la sivyo atapendekeza jambo zuri lisilo na njia ya kisheria. Na ajue kuongea na mjumbe, na mwenyekiti wa mtaa, na mama muuza maandazi.

Fedha ya kujifunzia isiwe kisingizio, hili nalisema kwa upole maana najua hali za nyumbani. QGIS ni programu huria ya GIS, haina leseni ya kununua, na inafanya karibu kila kitu nilichokitaja hapa. Picha za setilaiti za Landsat za tangu 1972 zimekuwa bure kuanzia 2008. Setilaiti ya Sentinel-2 inapita juu ya mtaa wenu kila baada ya siku tano ikiwa na pikseli za mita 10. Chukua mji wako wa nyumbani, Kahama, Mtwara, Voi, popote, uone umekula shamba la nani tangu ulipozaliwa. Kazi moja kama hiyo, yenye swali la kweli na maelezo ya makosa yake, huniambia mengi kuhusu mwombaji kuliko vyeti saba.

Wenzetu wa Nairobi waliwahi kuanza na swali rahisi namna hiyo: matatu zinapita wapi? Jiji lilikuwa linabebwa na vyombo ambavyo hakuna aliyekuwa na ramani yao kamili mkononi. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, wakishirikiana na vyuo vya Marekani, walipanda matatu na simu zao, wakarekodi kila kituo, na mwaka 2014 wakatoa ramani ya njia zaidi ya 130. Baadaye mtu wa kawaida aliweza kupanga safari ya matatu kwenye simu yake. Na hata kabla ya hapo, mwaka 2009, vijana wa Kibera walichora mtaa wao ambao kwenye ramani rasmi ulionekana kama msitu. Fikiria mpangaji anayepanga maji taka akiwa na ramani ya msitu.

Kwa wakubwa nina ombi la kibajeti, maana maneno matupu hayaajiri mtu. Kwenye kila mradi wa miundombinu, mtu wa GIS awekwe kwenye hatua ya upembuzi yakinifu kwa jina na kwa siku za kazi, na mkataba wa mshauri useme data yote inabaki halmashauri ikiwa kwenye mafaili yanayofunguka, pamoja na maelezo ya mfumo wa marejeo uliotumika. Ni aya mbili kwenye mkataba. Nafasi ya kudumu ya mtunza data iwe moja kwa kila halmashauri kwa kuanzia, na awe chini ya mtu anayefanya maamuzi, asiwe chini ya anayesimamia wino wa plota.

Ile barabara ya kilomita mbili ilijengwa. Masika ya kwanza maji yalifika kwenye makutano ya pili na ya tatu, yakakosa pa kupita, yakapanda juu ya lami na kuingia kwenye maduka upande wa chini. Mwaka uliofuata zilitafutwa fedha, lami ikakatwa, na makalavati mawili yakawekwa. Nilipita siku ile mafundi wanakata. Muuza magodoro alikuwa ameanika mzigo wake juani, anaugeuza geuza.

Mwezi uliopita mhandisi yule alinipigia simu, asubuhi, kabla sijamaliza chai. Kuna barabara nyingine, upande wa mlimani. Nikamuuliza kama anataka A0 au A1.

"Hapana, Mpangamiji. Bado hatujachora kitu. Nataka kujua maji ya huku juu yanashukia wapi."

Nikamwomba siku tatu, na kijana mmoja wa kwenda naye mtaani.